Theodore Roosevelt, Rais wa Picha za Mzaha

1. Wimbo na kalamu

Katika nchi ya Wasukuma, tangu zamani, mavuno yakiisha, vikundi vya ngoma vya Wagalu na Wagika hukutana uwanjani kushindana. Watunzi wao huimba nyimbo za kuwacheka wapinzani, na mtu mwenye kosa hulisikia kosa lake likiimbwa mbele ya watu wote. Hapigwi fimbo wala hafungwi kamba. Huchekwa tu, na mara nyingi kicheko humwuma kuliko fimbo.

Mbali sana, ng'ambo ya bahari, katika nchi ya Marekani, kazi ya namna hiyo ilifanywa na wachoraji wa magazeti. Walichora picha za mzaha, ndizo ziitwazo katuni. Mtu mwenye pua ndefu walimzidishia pua, mwenye kitambi walimzidishia kitambi, na mwenye tamaa walimchora kwa sura ya nguruwe au fisi. Mtu asiyejua kusoma aliweza kuitazama picha hiyo na kufahamu mara moja jambo lililokuwa likifanywa na wakubwa wake.

Mwanzoni mwa karne ya 20 mtu mmoja aliwapa wachoraji hao kazi nyingi mno. Alikuwa Theodore Roosevelt, Rais wa 26 wa Marekani. Mtu huyu alifika pia Afrika ya Mashariki, akavuka Ziwa Victoria, ziwa lile lile ambalo nchi ya Geita na kijiji cha Rwamgasa viko upande wake wa kusini. Hizi ndizo habari zake.

2. Mtoto mgonjwa

Theodore Roosevelt alizaliwa katika mji wa New York tarehe 27 Oktoba, 1858. Wazazi wake walikuwa matajiri, lakini mali yao haikuweza kumnunulia afya. Alikuwa na ugonjwa wa pumu, na usiku mwingi alikaa kitini akihangaika kuvuta pumzi, huku baba yake akimbembeleza. Macho yake nayo yalikuwa mabovu. Hakujua kwamba wenzake wanaona mbali kuliko yeye mpaka alipopewa miwani, akiwa mvulana wa miaka kama 13. Hapo ndipo alipoona kwa mara ya kwanza jinsi ndege walivyo wazuri.

Baba yake alimwambia kwamba akili anayo, ila mwili hana, na kwamba ni juu yake mwenyewe kuujenga. Basi mtoto akaanza. Kila siku alinyanyua vitu vizito, akajifunza kupigana ngumi, kupanda farasi na kutembea milimani. Mwili ukapata nguvu kidogo kidogo. Akaingia chuo cha Harvard, akamaliza masomo yake mwaka wa 1880, na mwaka uliofuata akachaguliwa kuingia katika baraza la jimbo la New York. Alikuwa na umri wa miaka 23 tu.

Kisha msiba mkubwa ukamfika. Tarehe 14 Februari, 1884, mama yake alikufa, na siku ile ile, katika nyumba ile ile, mke wake Alice naye akafa, akiacha mtoto mchanga wa siku mbili. Roosevelt akazimia moyo. Akamwacha mtoto kwa dada yake, akaenda zake nchi ya Dakota, nyika kubwa ya magharibi, akachunga ng'ombe pamoja na wachungaji wa huko. Hao walimcheka kwanza kwa sababu ya miwani yake. Yeye akafanya kazi pamoja nao katika baridi na jua mpaka wakamheshimu. Huko ndiko alikojifunza kuchekwa na kuendelea na kazi.

3. Meno na miwani

Alipokwisha kurudi mjini alioa tena, akashika kazi za serikali. Mwaka wa 1895 alifanywa mkuu wa halmashauri ya polisi ya New York. Siku zile polisi wengi walipokea rushwa, na wengine walilala usiku badala ya kulinda. Roosevelt alizunguka mwenyewe mitaani usiku wa manane, akiwatafuta waliolala. Wachoraji wakafurahi. Walimchora kama meno makubwa na miwani miwili inayong'aa gizani, na polisi mnene akitetemeka mbele yake. Tangu siku hizo mchoraji hakuhitaji kuandika jina la Roosevelt chini ya picha. Meno na miwani vilitosha, kila mtu alimjua.

Mwaka wa 1898 Marekani ilipopigana na Uhispania, alikwenda vitani katika kisiwa cha Kuba pamoja na kikosi cha wapanda farasi, akarudi na sifa. Akawa gavana wa New York, kisha makamu wa Rais. Mwezi wa Septemba, 1901, Rais William McKinley alipigwa risasi katika mji wa Buffalo, akafa siku nane baadaye. Roosevelt akashika mahali pake. Alikuwa na umri wa miaka 42, na kabla yake hakuna aliyepata kuwa Rais wa nchi ile akiwa kijana namna hiyo.

4. Picha za chuki

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 16 Oktoba, 1901, Roosevelt alimkaribisha Booker T. Washington kula chakula cha jioni pamoja na jamaa zake katika nyumba ya Rais. Booker T. Washington alikuwa mtu mweusi, aliyezaliwa utumwani, aliyejitahidi kusoma mpaka akawa mkuu wa shule ya Tuskegee, shule yenye sifa kubwa.

Habari hiyo ilipoenea, Wazungu wengi wa majimbo ya kusini waliwaka hasira. Magazeti yao yalijaa matusi, na wachoraji wao wakatoa picha mbaya za kumdhalilisha Rais na mgeni wake. Hapo kalamu haikumkosoa mkubwa kwa kosa lake, bali ilimtukana kwa jambo jema. Kumbe picha ya mzaha ni kama kisu: mmoja hukitumia kukata mkate, mwingine kumjeruhi mwenzake.

Roosevelt aliendelea kumwomba Booker T. Washington shauri katika mambo mengi, lakini hakumwita tena kula mezani pake. Tena mwaka wa 1906 alitenda dhuluma. Askari weusi 167 walifukuzwa jeshini kwa amri yake, kwa ajili ya risasi zilizopigwa usiku katika mji wa Brownsville, Texas, bila mmoja wao kupelekwa mbele ya mahakama. Serikali ya Marekani ilikubali kosa hilo mwaka wa 1972, miaka 66 baadaye, na siku hiyo karibu askari wote wale walikuwa wamekwisha kufa.

5. Dubu aliyefungwa mtini

Mwezi wa Novemba, 1902, Roosevelt alikwenda kuwinda dubu katika jimbo la Mississippi. Dubu ni mnyama mkubwa wa nchi za baridi, mwenye manyoya mazito. Kiongozi wa msafara alikuwa Holt Collier, mtu mweusi aliyezaliwa mtumwa, mwindaji hodari kupita wote wa sehemu ile. Siku zikapita bila Rais kupata mnyama. Ndipo mbwa wa Collier walipomzingira dubu mzee. Collier akampiga dubu kichwani kwa kitako cha bunduki, akamfunga kwa kamba mtini, akapiga baragumu kumwita Rais.

Roosevelt alipofika, wenzake walimhimiza apige. Akakataa. Aliona ni aibu kwa mwindaji kumpiga mnyama aliyefungwa.

Huko Washington mchoraji mmoja, Clifford Berryman, alisikia habari hizo. Picha yake ilitokea katika gazeti la Washington Post tarehe 16 Novemba, 1902. Ilimwonyesha Rais amesimama na bunduki, amegeuza mgongo, ameinua mkono kukataa, na nyuma yake dubu amevutwa kwa kamba shingoni. Watu waliipenda picha hiyo mno. Berryman akaichora tena, na kila mara dubu alizidi kuwa mdogo na mwenye macho ya huruma. Tangu hapo alimtia dubu huyo mdogo katika picha zake kwa miaka mingi.

Katika mtaa wa Brooklyn, mjini New York, mwenye duka Morris Michtom na mkewe Rose waliiona picha hiyo, wakashona dubu wa kitambaa, wakampa jina la Teddy, maana ndivyo watu walivyofupisha jina la Theodore. Hivyo mwanasesere anayelaliwa na watoto wa nchi nyingi alitokana na picha ya gazeti.

Lakini picha ile haikuonyesha yote. Yule dubu mzee alikuwa ameumia sana, na Roosevelt aliamuru auawe kwa kisu ili asiteseke. Aliyeiona picha bila kusoma habari alifahamu nusu tu ya mambo.

6. Fimbo kubwa

Roosevelt alipenda kurudia methali moja ambayo mwenyewe aliiita ya Afrika ya Magharibi. Maana yake ni kwamba mtu aseme kwa upole, lakini mkononi awe na fimbo kubwa, naye atafika mbali. Alitaka kusema kwamba nchi isiwatukane majirani, bali iwe na nguvu za kutosha. Wachoraji waliuacha upole, wakaishika fimbo. Walimchora na rungu kubwa kuliko yeye mwenyewe, lenye misumari, akiliburura kila aendako.

Walikuwa na sababu. Roosevelt alitaka mfereji uchimbwe Panama, ili meli zipite kutoka bahari moja hadi nyingine. Panama wakati huo ilikuwa sehemu ya nchi ya Kolombia, na baraza la Kolombia lilikataa mapatano. Mwezi wa Novemba, 1903, watu wa Panama waliasi, na manowari ya Marekani ilikuwapo karibu, hata askari wa Kolombia wasiweze kuuzima uasi. Baada ya siku tatu tu Marekani iliikubali Panama kuwa nchi mbali. Mchoraji W. A. Rogers wa gazeti la New York Herald alimchora Roosevelt ameshika sepetu, anachimba Panama, na udongo anaurusha mpaka unauangukia Bogota, mji mkuu wa Kolombia. Mwaka wa 1904 alimchora tena kama jitu linalotembea ndani ya Bahari ya Karibi, maji hayafiki magotini, fimbo begani, na manowari zikivutwa kwa kamba kama vitu vya kuchezea watoto.

Hata hivyo si kila picha ilimlaumu. Alipowashtaki matajiri waliounganisha reli na mafuta chini ya mikono yao ili wapandishe bei, Frank Nankivell wa gazeti la Puck alimchora mwaka wa 1906 kama mtoto mchanga mwenye nguvu za ajabu, anayepambana na nyoka. Nyoka mmoja alikuwa na kichwa cha John D. Rockefeller, tajiri wa mafuta. Mwaka huo huo Roosevelt alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani, kwa kuwa aliwapatanisha Warusi na Wajapani.

7. Kesi ya Rais na gazeti

Wakubwa wengine hawakuweza kuvumilia picha. Gavana Samuel Pennypacker wa jimbo la Pennsylvania alikuwa amechorwa kama kasuku. Mwaka wa 1903 mswada uliletwa katika baraza la jimbo lake, wa kukataza mtu kuchorwa kwa sura ya mnyama, ndege, samaki au mdudu. Mchoraji Walt McDougall akajibu kwa kuwachora wakubwa hao kama mti na kama mboga za shambani, kwa kuwa mswada haukutaja mimea. Watu wakacheka kuliko kwanza. Mwaka ule baraza lilipitisha sheria nyingine ya kuwabana wenye magazeti, lakini ilifutwa mwaka wa 1907.

Roosevelt hakupiga vita picha. Lakini mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mwishoni mwa mwaka wa 1908 gazeti la New York World, mali ya Joseph Pulitzer, liliuliza ni nani waliogawana dola milioni 40 zilizolipwa na Marekani kwa mfereji wa Panama, likamtaja hata shemeji wa Rais. Roosevelt alighadhibika. Aliandikia Baraza Kuu la nchi kwamba Pulitzer ameikashifu serikali na lazima ashtakiwe. Pulitzer, aliyekuwa mgonjwa na karibu kipofu, hakukubali kunyamazishwa.

Kesi ilikwenda mpaka Mahakama Kuu. Tarehe 3 Januari, 1911, majaji wote waliamua kwamba serikali haikuwa na haki ya kuleta mashtaka hayo katika mahakama zake. Hawakusema kwamba habari za gazeti zilikuwa za kweli, na wizi ule haukuthibitishwa kamwe. Walisema tu kwamba mkuu wa nchi hawezi kutumia njia ile kulifunga mdomo gazeti. Mtu aliyevumilia picha elfu alishindwa kuvumilia swali moja, na sheria ilimshinda.

8. Bwana mkubwa katika Afrika

Kesi ilipokuwa bado haijakwisha, Roosevelt alikuwa mbali. Muda wake wa kutawala ulimalizika mwezi wa Machi, 1909, akafunga safari na mwanawe Kermit kuja Afrika kukusanya wanyama na mimea kwa nyumba ya makumbusho ya Washington. Tarehe 21 Aprili meli yao ilitia nanga Mombasa. Akapanda gari la moshi, na sehemu ya njia alikaa juu ya ubao mbele ya injini, ili aone nyika na wanyama wake.

Nyuma yake walikuja wapagazi zaidi ya 200. Walibeba mahema, chakula, chumvi ya kukaushia ngozi, na vitabu vyake, na bila mabega yao safari isingefika popote. Hao nao walikuwa na mzaha wao. Mbele yake walimwita Bwana Mkubwa, lakini inasemekana kwamba nyuma yake walimwita Bwana Tumbo. Kazi ya wachoraji wa Marekani waliifanya kwa maneno mawili.

Huko kwao magazeti yalijaa picha za simba wakikimbia na twiga wakijificha. Yeye na Kermit walipiga wanyama wakubwa 512, wakiwamo simba 17 na tembo 11. Hata siku zile wako waliosema kwamba ni wengi kupita kiasi. Tarehe 4 Agosti, 1909, aliweka jiwe la msingi la nyumba ya shule ya misioni huko Kijabe. Kisha mwezi wa Novemba, katika nyanda za Uasin Gishu, alikutana na mtu aliyemfahamu: John T. McCutcheon, mchoraji wa gazeti la Chicago Tribune, aliyekuja Afrika kuwinda. Mchoraji na mchorwa walikutana nyikani, wakazungumza kama marafiki.

Mwezi wa Desemba Roosevelt alipanda meli Kisumu, akavuka Ziwa Victoria mpaka Entebbe. Hakufika upande wa kusini wa ziwa, ambako nchi ya Geita ilikuwa chini ya Wadachi wakati huo. Kutoka Uganda alifuata mto Naili, na mwezi wa Machi, 1910, akafika Khartoum.

9. Picha ya mwisho

Mwaka wa 1912 alitaka urais tena kwa chama kipya. Alikuwa amesema ana nguvu kama dume la kulungu mkubwa wa misitu ya baridi, na wachoraji wakamchukua mnyama huyo mara moja. Vyama viwili vya zamani vilikwisha kuwa na wanyama wao, tembo na punda, na sasa mnyama wa tatu akaingia uwanjani. Tarehe 14 Oktoba, mjini Milwaukee, mtu mmoja alimpiga Roosevelt risasi kifuani. Risasi ilipitia kasha la miwani na karatasi nene za hotuba zilizokunjwa mfukoni, ikapunguzwa nguvu. Akahutubia zaidi ya saa moja kabla ya kukubali kwenda hospitali. Miwani iliyochekwa tangu ujana wake ilisaidia kumwokoa. Lakini uchaguzi alishindwa.

Mwezi wa Julai, 1918, mwanawe mdogo Quentin, rubani wa ndege za vita, aliuawa huko Ufaransa. Baba hakupona huzuni hiyo. Alikufa usingizini nyumbani kwake Oyster Bay tarehe 6 Januari, 1919, akiwa na miaka 60.

Mchoraji J. N. Darling wa mji wa Des Moines alichora picha moja ya kumuaga. Haikuwa na rungu wala meno makubwa. Ilimwonyesha Roosevelt amevaa nguo za wachungaji wa Dakota, juu ya farasi, anapanda njia ya milimani, amegeuka nyuma na kupunga kofia. Watu waliozoea kumcheka waliitazama picha hiyo wakalia.

Theodore Roosevelt alikuwa na mema mengi na makosa makubwa. Wachoraji waliyaonyesha yote mawili, ingawa si kila mara kwa haki. Kwa kuwa nchi yake haikuwanyamazisha, habari zake hazikusimuliwa na waliomsifu peke yao.

Maswali

1. Picha za magazeti ya Marekani zinafanana vipi na nyimbo za Wagalu na Wagika?
2. Roosevelt aliwezaje kuushinda udhaifu wa mwili wake?
3. Picha ya Berryman ilionyesha nini, na ilificha nini?
4. Picha zilizotolewa baada ya chakula cha jioni cha mwaka wa 1901 zina tofauti gani na picha za Panama?
5. Majaji waliamua nini mwaka wa 1911? Je, waliamua kwamba gazeti lilisema kweli?
6. Kwa nini mwandishi wa habari au mchoraji lazima ajihadhari na nusu ya ukweli?